Kubuni Mnyama wa Sayari Nyingine: Masomo Saba Kutoka Ziwa Victoria

Kosa la kwanza la msimulizi anayebuni mnyama wa sayari nyingine ni kuanza na meno. Anachora domo pana, anaongeza miguu sita, macho manne na mkia wenye sumu. Mchezo unaanza, mnyama anaruka kutoka kichakani, kisha mchezaji mmoja anauliza: “Hivi huyu, siku ambayo sisi hatujapita hapa, anakula nini?” Msimulizi hana jibu, na kuanzia hapo sayari nzima inaonekana ni ya karatasi.

Michezo ya mezani ya kuigiza wahusika inasimama juu ya majibu ya namna hiyo. Kila mchezaji anabeba mhusika wake, msimulizi anaueleza ulimwengu, na dadu inaamua pale ambapo matokeo hayana uhakika. Dungeons & Dragons, mchezo uliofungua njia, ulitoka mwaka 1974. Miaka mitatu baadaye ukaja Traveller wa Marc Miller, wa safari za anga, nao uliwapanga wanyama kwa namna wanavyopata chakula: mla majani, mfukuzaji, mviziaji, mtega mitego, mpora mawindo ya wenzake. Sura na rangi vilifuata baadaye.

Utaratibu huo bado ni mzuri kuliko mwingi uliokuja nyuma yake, na mtu wa Mwanza ana pa kuujaribia. Ziwa Victoria na miamba yake limejaa wanyama ambao wangekuwa kwenye kitabu cha mchezo, msomaji angesema mwandishi katia chumvi. Masomo saba yanayofuata yanatoka kwao.

1. Anza na mazingira

Kabla ya kugusa penseli, jibu maswali matano kuhusu mahali mnyama anapoishi. Mvutano una nguvu kiasi gani? Hewa au maji yana oksijeni nyingi au kidogo? Mwanga ni wa rangi gani, na unafika wapi? Joto linabadilikaje? Na kitu gani kinakosekana kila mara?

Chukua swali la mwanga. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha juu kabisa ni takribani mita 80 tu. Tope na mwani hulitia ukungu, hasa kwenye ghuba. Katika maji ya namna hiyo mwanga wa buluu huishia karibu na juu, na unaoshuka chini ni wa njano na mwekundu. Kwenye visiwa vya mawe vya upande wa Mwanza wanaishi samaki wawili wa jamii ya furu wenye undugu wa karibu. Dume wa Pundamilia pundamilia ana rangi ya kibuluu na hukaa maji ya juu. Dume wa Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ni mwekundu na hukaa chini zaidi, na macho ya jamii yake hupokea vizuri zaidi mwanga mwekundu. Majike huchagua dume kwa rangi. Pale maji yalipochafuka kupita kiasi, rangi hazionekani tena, uchaguzi unavurugika, na aina hizo mbili huchanganyika hadi mpaka kati yao unapotea.

Sasa lipeleke somo hilo angani. Sayari Proxima Centauri b, iliyogunduliwa mwaka 2016, inazunguka nyota ndogo nyekundu. Ukibuni dunia ya namna hiyo, usimpake mnyama madoa ya buluu ya kumvutia jike, maana mwanga wa kuyaonyesha ni haba. Mpe wekundu, au mtoe kabisa kwenye rangi na umpe sauti, harufu au mtikisiko wa maji.

2. Jenga ukoo kabla ya mtu mmoja mmoja

Sayari isiyoaminika ni ile ambayo kila mnyama ameshuka kivyake: mmoja ana mifupa, wa pili ni jiwe, wa tatu ni moshi. Wanyama wa dunia moja ni ndugu, na undugu unaonekana mwilini.

Furu wanafundisha hili kuliko kiumbe chochote ninachokijua. Tabaka za tope la chini ya ziwa zinaonyesha kwamba Ziwa Victoria lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita, kisha likajaa upya. Tangu hapo, kutoka mababu wachache, zimetokea aina zipatazo 500. Wote wana umbo moja la msingi, na wote wana seti ya pili ya taya ndani ya koo. Taya za mdomoni hukamata, za kooni husaga. Kwa kuwa kazi zimegawanywa, mdomo uko huru kubadilika. Ndiyo maana kuna furu wa kukwangua mwani juu ya mawe, wa kuvunja konokono, wa kuchuja vijidudu vya majini, wa kula wadudu, wa kula samaki wenzake, na hata wa kung’oa magamba ya samaki walio hai. Wengine huishi kwa mayai na watoto wa jirani. Furu jike hulea watoto mdomoni, basi mwizi humbana mama kwenye pua mpaka anatema alichokificha.

Kwa mchezo wako, buni umbo moja la msingi lenye kitu kimoja cha ajabu, kisha ligawe katika kazi sita au saba. Wachezaji wakishakutana na ndugu watatu, watamtambua wa nne bila kuambiwa, na hapo ndipo wanapoanza kuiamini sayari.

Undugu pia unaweza kuwa siri ya hadithi. Pimbi anayeota jua kwenye miamba ya kisiwa cha Saanane anafanana na sungura aliyenona, ila jamaa zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Mwanasayansi wa kwenye kikosi cha wachezaji akigundua kwamba kijinyama kinachoiba biskuti kambini ni binamu wa dude lililopindua gari, umepata kipande cha hadithi bila kurusha risasi.

3. Piga hesabu ya mwili

Hesabu mbili zinatosha, na zote zinafanyika nyuma ya bahasha.

Ya kwanza ni ya ukubwa. Ukiongeza urefu wa mnyama mara mbili bila kubadili umbo, unene wa mifupa yake, ukipimwa kwa eneo la mkato, huongezeka mara nne, lakini uzito huongezeka mara nane. J. B. S. Haldane aliliandikia jambo hili insha maarufu mwaka 1926. Buibui mwenye ukubwa wa daladala angevunjikiwa na miguu yake mwenyewe na kukosa pumzi. Ukitaka jitu la nchi kavu, nenepesha miguu na punguza mbio. Ukitaka jitu lisilo na miguu minene, litie majini, maji yalibebe. Sangara hupita kilo 100 bila kuhitaji mguu hata mmoja. Mvutano ukiwa mara mbili ya wetu, wanyama wawe wafupi, na kuanguka kutoka kimo cha meza kuwe ajali.

Ya pili ni ya chakula. Kwa makadirio ya kawaida, takribani sehemu moja tu ya kumi ya nguvu iliyo kwenye ngazi moja ya chakula hupanda ngazi inayofuata. Majani mengi hulisha wala majani wachache, nao hulisha wawindaji wachache zaidi. Bonde lenye mazimwi mia bila swala hata mmoja haliwezi kudumu wiki. Kwa kila mwindaji mkubwa unayemweka kwenye ramani, weka kundi la mawindo, mahali pa mawindo kula, na kiumbe wa kusafisha mizoga.

4. Kila uwezo ulipiwe

Mnyama mwenye nguvu zote ni bomu lenye manyoya. Anayeaminika analipia kila alicho nacho, na malipo hayo ndiyo mlango wa wachezaji.

Mtazame mnandi kwenye mawe ya ufukweni. Anazamia vizuri kwa sababu manyoya yake hulowa, hewa inatoka, na mwili hauelei ovyo. Akitoka majini inambidi asimame juu ya jiwe, mabawa wazi, ajianike. Kwa muda huo hawindi, na yuko wazi kwa kila jicho. Nzohe wa kisiwa cha Rubondo ana kwato ndefu zinazotanuka, basi hapati shida kwenye kinamasi, ila kwenye ardhi ngumu kukimbia kwake ni kwa tabu. Kamongo ana mapafu, hivyo maji yaliyokosa oksijeni hayamuui. Lakini kamongo aliyekomaa lazima apande juu kuvuta hewa, na akizuiwa chini ya maji atakufa kwa kuzama ingawa ni samaki.

Unapoandika uwezo, andika papo hapo na malipo yake. Ngozi ngumu: joto linamlemea, anahitaji matope. Sumu: inachukua siku nyingi kujaa tena. Kuruka: mifupa myepesi, pigo moja linavunja. Mchezaji makini atayaona malipo hayo, na akiyaona mpe ushindi wake.

5. Mpe hisi ambayo wachezaji hawana

Wabunifu wengi huongeza macho tu, ilhali hisi tofauti hubadilisha mchezo mzima.

Domodomo, yule samaki mwenye mdomo uliochongoka kama mkonga, huwinda usiku na kwenye maji yenye tope. Mwilini mwake, karibu na mkia, ana kiungo kinachotoa umeme hafifu. Umeme huo hauwezi kuua kitu. Huzunguka mwili wake, na kila kitu kilicho karibu huuvuruga: jiwe kwa namna moja, mdudu kwa namna nyingine. Domodomo husoma mvurugiko huo kwa ngozi. Kwa umeme huohuo huwasiliana na wenzake. Malipo yake yako kichwani: katika jamaa mmoja wa ukoo huu aliyepimwa maabara, ubongo ulitumia karibu asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili, wakati wetu hutumia kama asilimia 20.

Fikiria maana yake mezani. Wachezaji wamezima taa, wamekaa kimya, wamejipaka tope. Wanadhani wamejificha, lakini bunduki zao za chuma na nyaya za redio zinapiga kelele kwa mnyama asiye na macho. Hisi hii inafaa hasa kwa bahari zisizo na jua, kama ile ambayo wanasayansi wanaamini iko chini ya barafu ya Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, ambako chombo cha Marekani kilitumwa Oktoba 2024 kuuchunguza.

6. Mpe ratiba na maisha kamili

Mnyama wa kwenye mchezo mara nyingi ni mtu mzima, ana njaa, na yuko zamu saa 24. Mpe utoto, uzazi na saa za kazi.

Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama nguzo za moshi mweusi wana maisha ya hadithi. Kiluwiluwi cha mdudu huyo, Chaoborus, ni chembamba, kinapenya nuru kama kioo, na kina vifuko vya hewa vya kukipandisha na kukishusha. Mchana hujichimbia chini, kwenye tope lenye oksijeni haba ambako samaki wengi hawafuati. Usiku hupanda kuwinda. Kisha, siku za mwezi mwandamo, wanatoka majini kwa wingi usiohesabika, wanapandana, wanataga na kufa. Wavuvi wa dagaa nao hufuata mwezi: hutoka na taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitanda hutengeneza nyavu nchi kavu. Mwezi mmoja unaendesha mdudu, samaki na mvuvi. Sayari yako yenye miezi miwili ingeendesha nini?

Kwa vimelea, kichocho ni mwalimu mkali. Mayai hutoka na haja ya mgonjwa na kuanguliwa kwenye maji baridi. Kilichoanguliwa hutafuta konokono. Ndani ya konokono huzaliana kwa wingi. Kisha vijidudu vya aina nyingine hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Hatua hizo hazifanani kwa sura wala kwa tabia. Ukibuni kiumbe wa namna hii, wachezaji watapambana na umbo moja na kulipuuza lile jingine linalotambaa juu ya majani, mpaka mtu wa kijijini awaonyeshe uhusiano. Dawa ya tatizo hapo ni kuvunja mnyororo, na bunduki haisaidii kitu.

7. Acha sayari ibadilike

Mazingira yaliyoganda ni pazia la jukwaani. Tia kitu kigeni uone.

Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Kwa muda alionekana kutulia, kisha miaka ya 1980 akafurika. Furu wa Ghuba ya Mwanza, waliokuwa wakichunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden pamoja na wenzao wa Tanzania tangu 1977, walitoweka kwa kasi mbele ya macho yao. Kati ya vilivyojaza nafasi ya furu wala mabaki ya chini ni uduvi wadogo wa ziwani, nao wakawa chakula cha watoto wa sangara. Viwanda vya minofu vikajengwa, miji ikakua, na ziwa lile halikuwa tena lile.

Hadithi haikuishia hapo. Furu mmoja mla vijidudu, Haplochromis pyrrhocephalus, alikaribia kwisha kisha akarudi. Aliporudi alikuwa na kichwa kidogo zaidi, shina la mkia lenye nguvu zaidi la kumtoroshea sangara, na matamvua ambayo eneo lake lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya nusu, yafae maji yaliyopungukiwa oksijeni. Yote hayo ndani ya miongo miwili hivi. Hata gugu maji lililofunika ghuba lilipata adui wake pale wadudu wadogo jamii ya fukusi kutoka Amerika Kusini walipoachiwa miaka ya 1990.

Hapa kampeni nzima inapatikana bure. Nani aliileta spishi ngeni, kwa nia gani, nani anatajirika nayo, na nani nyavu zake hazijai tena? Mnyama anakuwa chanzo cha ugomvi wa watu, na ugomvi wa watu ndio unaowarudisha wachezaji mezani wiki ijayo.

Mfano kamili: mzamiatope wa Nansio 3

Tuyakusanye masomo kwenye karatasi moja. Nansio 3 ni sayari ya kubuni inayozunguka nyota nyekundu, ikiwa imeigeuzia upande mmoja daima. Ina bahari ya kina kifupi, maji ya tope, na chini kabisa hakuna oksijeni. Hakuna usiku wala mchana. Saa ya dunia hiyo ni upepo: ukivuma kwa nguvu hukoroga bahari, maji yasiyo na hewa yanapanda, na viumbe vya juu vinakufa kwa makundi.

Ukubwa: urefu wa mita 3, bapa, bila miguu. Maji ndiyo yanayombeba.

Ukoo: kama jamaa zake wote wa Nansio 3, ana midomo miwili. Wa mbele hushika, wa tumboni husaga. Binamu zake huchuja mwani au huvunja makombe.

Chakula: viumbe vilivyolegea kwa kukosa hewa. Hungoja kwenye tope ambako hakuna mwingine anayeweza kupumua.

Hisi: uwanja wa umeme hafifu. Hana macho.

Malipo: hubeba pumzi ya dakika 40 tu, kisha lazima apande juu, na njiani ni mzito na mlegevu. Chuma kikiwa kingi karibu naye, hisi zake huvurugika.

Uzazi: dume hulinda shimo la watoto. Hapo tu ndipo anaposhambulia kitu kikubwa kuliko yeye.

Dalili kabla hajaonekana: mapovu yanayopanda kwa mstari; redio inayokwaruza; wavuvi wa koloni wanaokataa kushusha nanga ya chuma upande ule.

Halafu rusha dadu kuona yuko katika hali gani wachezaji wanapofika. 1: amelala kwenye tope, hajali. 2: anapanda kuvuta hewa, atakwepa. 3: anakula mzoga, atautetea kwa vitisho. 4: anakichunguza chombo chenu kwa sababu chuma kinamchanganya. 5: anakimbia kitu ambacho ninyi bado hamjakiona. 6: ni dume mwenye watoto. Katika matokeo sita, moja tu ni vita. Mnyama wa kweli hapigani kila anapoonekana, maana jeraha ni njaa ya kesho.

Kabla hujapeleka mezani

Jaribu mnyama wako kwa maswali manne. Siku bila wachezaji anafanya nini? Nani anamla, au anakula mizoga yake? Akitoweka leo, nani atafurahi na nani atalala njaa? Na mtu asiye na silaha, lakini mwenye akili, anaweza kumpitaje? Likikosekana jibu moja, rudi kwenye somo linalohusika.

Jina nalo lisisubiri hadi mwisho. Watu wa pwani ya sayari yako watamwita mnyama kwa kile wanachokiona wakiwa kazini, kwa neno fupi la mdomoni. Jina la kitaalamu mwachie profesa wa kwenye hadithi.

Kuchota mawazo hakuna gharama kubwa. Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, asubuhi, litakuonyesha midomo ya kila namna ikiwa imepangwa; uliza kila samaki anavuliwa saa ngapi, kwa chambo gani, na wapi hapatikani. Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, iko dakika chache kwa boti kutoka mjini, na ina pimbi na mijusi wa miambani. Mwenye nafasi zaidi afike Rubondo, hifadhi tangu 1977, amwone nzohe. Nenda na daftari, chagua mnyama mmoja tu, na uandike mistari mitatu: anachofanya, kinachomwezesha, na anacholipa. Ukiwa na kurasa kumi za namna hiyo, badilisha mvutano, hewa na rangi ya jua, uone ni mstari upi kati ya hiyo mitatu unalazimika kubadilika. Huo ndio mwanzo wa sayari yako.